Seva ya nyumbani ya diski nne ambayo haikunyimi usingizi, jinsi ya kuijenga

Kabla hujanunua chochote fanya jaribio moja la dakika mbili. Chukua diski (hard disk) ya kawaida ya inchi 3.5, iwashe ukiwa umeishika mkononi, subiri izunguke mpaka itulie alafu sikiliza. Utasikia kaupepo tu kwa mbali. Sasa iteremshe polepole, polepole kweli kweli maana kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unywele na hakipendi kugongwa, iweke juu ya meza ya mbao au juu ya kabati la vyombo. Meza nzima itaanza kuimba. Diski ni ile ile, haijaongeza nguvu yoyote, ila sasa imepata ngoma ya kupigia.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wengi seva, yaani kompyuta inayokaa imewashwa kutunza na kugawa mafaili ya nyumbani, ikinguruma wanakimbilia kubadilisha feni, wanabadilisha ya kwanza, ya pili, hela inaisha na mngurumo bado uko pale pale. Feni sauti yake ni ya upepo, ukikaa nayo siku mbili tatu unaizoea. Mngurumo wa diski ni kitu kingine kabisa. Diski ya 7200 inazunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, ya 5400 ni mara 90 kila sekunde, na hiyo ni sauti nzito ya chini inayopenya ukuta kama besi ya muziki wa jirani mwenye shughuli. Alafu ukiweka mbili zenye spidi karibu sawa ila sio sawa kabisa zinaanza kupokezana, wuuum inapanda, inashuka, kimya kidogo, wuuum inapanda tena, na hiyo ndo mbaya kuliko zote maana sikio haliizoei, linakaa linaisubiri.

Ya kwangu iko sebuleni hapa Tabata, na upande wa pili wa ukuta ndo kichwa cha kitanda cha mama. Wiki ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, hako kafriji kako hakazimwi hata usiku?" Mama ana presha, usingizi kwake ni sehemu ya dawa, kwa hiyo asubuhi ile ile nikaizima, nikaifungua yote na nikaanza upya kwa kufuata kitu kimoja tu: diski isiguse chuma, na chuma kisiguse kitu chenye uwazi ndani. Yote yanayofuata hapa chini yanatoka kwenye hilo.

Tuanze na diski zenyewe. Chukua chache kubwa kuliko nyingi ndogo. Diski mbili za TB 8 zinabeba sawa na nne za TB 4, ila ni injini mbili badala ya nne, kelele mbili badala ya nne, joto nusu na umeme nusu. Diski moja ya inchi 3.5 ikizunguka tu bila kazi inakula kama wati 4 mpaka 6, sasa nne weka wati 20, zidisha saa 24 kwa siku 30 unapata kilowati saa 14.4, yaani uniti 14 na kitu za LUKU kila mwezi kwa kuzungusha diski tu, bado kompyuta yenyewe. Hizi kubwa zaidi nyingi ndani zimejazwa gesi ya heli badala ya hewa, zilianza kuuzwa 2013, na heli uzito wake ni kama sehemu moja ya saba ya hewa kwa hiyo sahani hazipigani na upepo sana, zinakaa baridi zaidi na mvumo wa hewa unapungua. Ila wakati wa kuandika kichwa kinagonga, tak tak tak, hizi kubwa zinasikika kuliko ndogo, na dawa yake nitaisema mbele.

Kitu cha kuuliza dukani ni kama diski ni SMR au CMR. SMR ni zile ambazo mistari ya data imepandana kama mabati ya paa, ukitaka kubadilisha bati la chini lazima ufunue ya juu yake, sasa ukiiandikia vitu vingi mfululizo inachoka na spidi inaanguka vibaya. CMR kila mstari una nafasi yake. Seagate IronWolf ni CMR, WD Red Plus ni CMR, ila WD Red ya kawaida bila Plus ya TB 2 mpaka 6 ni SMR, na Barracuda za TB 4 na 8 nazo ni SMR. Kwa kuhifadhi muvi na picha unazoandika mara moja tu SMR inavumilika, kwa diski ya ulinzi ambayo nitaielezea usiiweke kabisa.

Ukinunua iliyotumika, na wengi wetu ndo tunaponunua, usiondoke bila kuipima. Mi niliwahi kuuziwa diski nne kwenye duka moja, mbili nikaambiwa ni mpya kabisa, kufika nyumbani moja ya hizo mpya ina masaa zaidi ya elfu arobaini ya kuwashwa, na mwaka mmoja una masaa 8760 tu, fanya hesabu mwenyewe. Haikumaliza mwezi. Iliondoka na video za kuagwa kwa dada yangu ambazo hazipo sehemu nyingine yoyote duniani, na mpaka leo akizungumzia sendofu yake naumia. Kwa hiyo nenda na laptop yako yenye Linux na kebo ya kugeuza SATA (plagi ya diski) kuwa USB, chomeka, andika amri hii inayosoma afya ya diski, sdb ni jina la diski kwenye Linux:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Kwenye orodha itakayotokea, namba 9 ni masaa ya kuwashwa. Namba 5, 197 na 198 zote zinatakiwa ziwe sifuri, sio "ndogo", sifuri. 197 ikiwa na namba yoyote maana yake kuna sehemu diski imeshindwa kusoma na bado inahangaika nayo, rudisha hapo hapo mezani. Namba 199 ikipanda usiilaumu diski kwanza, mara nyingi ni waya wa SATA mbovu. Ukifika nyumbani iendeshee jaribio refu kwa smartctl -t long, diski ya TB 8 inaweza kuchukua zaidi ya nusu siku, iache imalize kabla hujaiamini na faili hata moja.

Kompyuta sina mengi ya kusema. Chukua mnara wa ofisi uliotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, Kariakoo zimejaa, i5 ya kizazi cha sita kuendelea na RAM ya GB 8 inatosha kabisa kugawa mafaili na kuonyesha muvi kwenye tivii. Hakikisha ni mnara mkubwa, sio ule mwembamba wa kulaza, maana mwembamba hauna pa kuweka diski nne. Hesabu matundu ya SATA kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kabla hujalipa, yakipungua utaongeza kadi ya PCIe inayochomekwa kwenye mazabodi, zile zenye chipu ya ASM1166 zina matundu sita na zinafanya kazi vizuri na Linux. Ujue pia kwamba hizi za ofisi nyingi plagi ya pawasaplai sio ya kawaida, ikifa huwezi kuchomeka yoyote tu, kwa hiyo ukipata inayotumia plagi ya pini 24 shukuru.

Na hapa tafadhali sana nisikilize. Waya wa SATA wa umeme ukiwa hautoshi watu wanauza adapta ya kutoka molex (plagi ya zamani ya umeme yenye pini nne) kwenda SATA, usichukue zile ambazo plastiki yake imemwagiwa ikagandana na nyaya kuwa kipande kimoja, ndani nyaya zinaweza kusogea zikagusana na zimeshaunguza diski za watu. Chukua zile ambazo unaona nyaya zimebanwa moja moja na kifuniko kinafunguka. Diski ikianza kuzunguka inavuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12, nne kwa pamoja ni karibu wati 100 kwa sekunde chache, umeme huo unapita kwenye hako kawaya.

Haya, sasa tyubu ya baiskeli, ndo itakayoshika diski zisiguse chuma.

Nenda kwa fundi baiskeli muombe tyubu iliyochoka, wengi wanakupa bure. Kata ipasue katikati kwa urefu, utakuta ndani kuna unga mweupe, ioshe kwa sabuni mpaka unga uishe na uianike kivulini ikauke kabisa, maana unga huo hutaki ukae unapeperushwa na feni kwenye mashine. Kata mikanda ya upana wa sentimita 2. Toa kile kikapu cha chuma cha diski ndani ya kesi, vingi vimefungwa kwa skrubu na vingine kwa ribiti ambazo itabidi uzitoboe na drili, ukitoboa toa mazabodi kwanza kwa sababu chembe za chuma zikidondokea humo zitakuja kupiga shoti siku usiyoijua.

Mwambie seremala akutengenezee fremu ya mbao, kama sanduku lisilo na mbele wala nyuma, lenye upana wa sentimita 16 hivi kwa ndani maana diski upana wake ni sentimita 10.2, inabaki nafasi kama ya vidole viwili kila upande. Mikanda inapita kutoka ukuta mmoja wa fremu kwenda mwingine, miwili juu miwili chini kwa kila diski, na diski inakaa katikati imebanwa na mikanda kama mtoto ndani ya kanga. Mkaze wake upime kwa kidole, ukiisukuma diski kidogo iteleze kama milimita tano alafu irudi yenyewe. Ikigoma kusogea umekaza mno na mtetemo utapita kwenye mpira, ikining'inia na kuyumba umelegeza mno. Acha upana wa vidole viwili kati ya diski na diski upepo upite.

Vitu vitatu vya kuangalia hapo. Kwanza upande wenye saketi usiguse kitu chochote cha chuma. Pili, diski zisizo za heli zina katundu kadogo juu kwa ajili ya kupumua, kameandikwa kabisa kasizibwe, kwa hiyo mkanda usipite hapo. Tatu nyaya, na hili linasahaulika sana: waya wa SATA mgumu ulionyooka unabeba mtetemo kama fimbo kutoka kwenye diski kwenda kwenye kesi na kazi yako yote ya tyubu inakuwa haina maana, tumia nyaya nyembamba laini na ziache zijikunje kidogo kabla ya kufika kwenye mazabodi. Chini ya fremu weka kipande cha sponji, mpira unachoka na joto, mkanda ukikatika diski iangukie kwenye kitu laini. Mi nakagua mikanda kila miezi sita, nikiona nyufa nabadilisha yote. Na siku ya kuhama nyumba diski zote zinatoka, zinafungwa kwenye taulo, hazisafiri zimening'inia.

Kama huna nafasi ya fremu, au haya mambo ya mbao yanakuchosha, kuna njia ya pili ambayo haifikii ya kwanza lakini ina nafuu kubwa: kata vipande vya ndala, ile ya mpira laini sio plastiki ngumu, weka kati ya diski na kikapu kila mahali zinapogusana, na skrubu zisikazwe mpaka mwisho, zishike tu.

Fremu isimame nyuma ya feni moja ya milimita 120 iliyoko mbele ya kesi inayovuta hewa kuingia. Feni kubwa inayozunguka mara 600 mpaka 800 kwa dakika inapeleka hewa ya kutosha kwa diski nne na husikii kitu, ile ya milimita 80 ili ilingane nayo lazima ikimbie sana na inapiga mluzi. Angalia mbele ya feni kuna nini, kesi nyingi zina bati lenye matundu madogo madogo na hewa ikipita pale ndo inapiga kelele, sio feni, likate na koleo, weka soksi ya kike ya nailoni iliyovutwa kama chujio. Vumbi la kwetu unalijua, hiyo soksi inafuliwa kila mwezi. Ukibadilisha feni kwenye mashine za HP na Dell plagi inaweza kuwa tofauti na kompyuta ikagoma kuwaka mpaka ubonyeze kitufe ikidai feni haipo, kwa hiyo feni ya prosesa iache ile yake, isafishe tu na uibadilishie ile pesti iliyokauka chini ya kipoozeo. Pawasaplai pulizia vumbi kwa nje, usiifungue, kapasita zake zinatunza umeme hata ukishachomoa.

Joto la diski liangalie kwa smartctl, namba 194. Chumba cha Dar mwezi wa pili kinafika nyuzi 32 bila shida, lenga diski isizidi 45. Ndo maana siungi mkono watu wanaofungia seva ndani ya kabati la tivii ili wasiisikie, unaficha kelele na unapika diski, na lile kabati lenyewe ndo lenye uwazi ndani, linazidisha mngurumo badala ya kuuzuia.

Mahali pa kuiweka ni sakafuni, sakafu ya zege haitetemeki. Ila sakafuni kuna maji ya kudeki, kwa hiyo laza matofali mawili ya bloku, juu yake vipande vinne vya ndala kwenye kona, juu ya hapo kesi. Tofali ni zito, ule mtetemo mdogo uliobaki haulisogezi. Kesi isiegemee ukuta, acha nafasi ya ngumi moja. Alafu usiku nyumba ikitulia bonyeza pembeni za kesi kwa kiganja, sehemu moja baada ya nyingine, ukiona umebonyeza na sauti imebadilika basi hilo bati linatetemeka, bandika kipande cha tyubu kwa ndani pale pale ulipobonyeza.

Tukija kwenye programu, diski iliyo kimya kuliko zote ni iliyolala, na hapa uchaguzi wako wa mfumo una uzito. Ukiunganisha diski zote kwa RAID 5 au ZFS, njia za kuzifanya zifanye kazi kama diski moja, ukifungua wimbo mmoja diski zote zinaamka, maana kila faili limekatwa vipande vipande limegawanywa kote. Kwa nyumbani mi natumia Debian, ambayo ni aina ya Linux, na OpenMediaVault (programu ya kuendesha seva ya mafaili) juu yake, mergerfs inaunganisha diski tatu zionekane kama folda moja, na SnapRAID inatumia ya nne kama ulinzi. Faili moja linakaa zima kwenye diski moja, ukiangalia muvi inaamka hiyo moja tu, tatu zimelala. Diski moja ikifa unaweka mpya na snapraid fix inakurudishia vilivyokuwemo. Diski ya ulinzi lazima ukubwa wake usipungue ile kubwa kuliko zote za data. Udhaifu wake usiufiche moyoni: SnapRAID inalinda vilivyokuwepo mara ya mwisho ulipoendesha snapraid sync, faili la leo ambalo halijasinkiwa halina ulinzi bado.

Mfumo wenyewe uweke kwenye SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya GB 120, na kila kitu kinachoandika andika muda wote, kumbukumbu za mfumo, data za Jellyfin (programu ya kuonyesha muvi), viwe huko huko, la sivyo kila dakika kumi kuna kitu kinaamsha diski. Alafu ziambie zilale:

sudo hdparm -S 241 /dev/sdb

241 ni nusu saa, 242 ni saa nzima. Usiweke dakika tano, diski kulala na kuamka kila saa kunaichosha, na ile sauti ya kuamka ndo kubwa kuliko zote. Kwenye smartd, programu inayokagua diski kila mara, ongeza -n standby, bila hivyo yenyewe inaweza kuziamsha ili tu iziulize zinaendeleaje.

Na ile tak tak ya kuandika niliyosema? Watu wote wanapanga sinki (ile snapraid sync) na ukaguzi saa nane usiku kwa mazoea ya ofisini, ambako usiku hamna mtu. Nyumbani usiku ndo kuna watu. Yangu inaanza saa nne asubuhi, mama yuko genge, watoto shule, diski zote nne zinagonga zinavyotaka. Kwenye cron, programu ya kupanga kazi kwa saa, hiyo saa nne andika 10, usijisahau ukaandika 4, hiyo ni saa kumi alfajiri.

Umeme ukikatika ghafla wakati inaandika unaweza kupoteza faili, kwa hiyo UPS (betri ya dharura) hata ya VA 650 iwepo, iliyo na waya wa USB, na uweke programu ya NUT ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa ustaarabu. UPS nyingine zinanguruma kivyake, isikilize dukani, na nyumbani nayo ilalie kipande cha ndala.

Mwisho kabisa, diski ya ulinzi haikuokoi na mwizi, wala moto, wala wewe mwenyewe kufuta folda kwa bahati mbaya na sinki ikapita juu yake. Picha na video za familia zina nakala nyingine kwenye eksteno (diski ya nje) ya TB 4 ambayo haikai hapa, inakaa kwa yule yule dada yangu, Mbagala. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi naenda kuichukua, nachomeka, rsync (programu ya kunakili mafaili) inapeleka vipya tu, mara nyingi haifiki nusu saa, naifunga kwenye mfuko wake narudisha, na nikifika ananiuliza kwanza kama za watoto wake zimeingia.